Kuunda Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Finyu Arusha na Moshi: Mwongozo Kamili

Wengi huanza na kadi ya grafiki, na hapo ndipo pesa inapopotelea. Mtu anaona kadi nzuri ya mtumba, anailipia, kisha anatafuta kompyuta ya kuichomeka. Kilichobaki mfukoni kinanunua pawasaplai (boksi la kulisha umeme) ya bei ya chini kabisa na madabodi (ubao unaobeba vipuri vyote) ya zamani. Akitaka kuongeza nguvu mwaka unaofuata, anakuta hakuna kinachoongezeka: prosesa mpya haiingii kwenye soketi, ram mpya haiingii kwenye sloti, na pawasaplai haibebi kadi kubwa zaidi.

Sisi tunakwenda kinyume. Kasha, pawasaplai na madabodi hukaa miaka mingi, kwa hiyo hapo usibane kupita kiasi. Prosesa, ram na kadi ya grafiki ni vitu vya kubadilisha pole pole, na hivyo unaweza kuanza na vya kawaida, hata vya mtumba.

Soketi kwanza, mengine baadaye

Kwa mwenye pesa kidogo anayetaka nafasi ya kukua, soketi (kiti cha prosesa kwenye madabodi) ya AM4 ya AMD bado ndiyo inayotoa thamani nzuri. Imepokea prosesa za Ryzen kuanzia mfululizo wa 1000 hadi 5000, inatumia ram ya DDR4, na vipuri vyake vya mtumba ni vingi. Anza na Ryzen 5 5600G. Ina viini sita, nyuzi 12, inatumia wati 65, na la muhimu kuliko yote, ina grafiki zake za ndani. Maana yake kompyuta inawaka na kucheza gemu siku ya kwanza bila kadi. Valorant, CS2 na GTA V zinachezeka kwa 1080p ukishusha grafiki. Gemu nzito zaidi utazishusha hadi 720p huku ukijichangia pesa ya kadi.

Ina udhaifu wake. Kumbukumbu yake ya ndani (L3) ni MB 16 wakati Ryzen 5 5600 ya kawaida ina MB 32, na njia yake ya kadi ni PCIe 3.0, ya zamani na ya polepole zaidi, si 4.0. Hilo la pili lina madhara utakapochagua kadi, tutalirudia. Ukiwa tayari una kadi mkononi, achana na 5600G uchukue 5600.

Madabodi iwe ya B550, yenye sloti nne za ram na walau sehemu mbili za M.2 (za kuchomeka SSD). Gigabyte B550M DS3H ni mfano mzuri wa daraja hili. B450 nayo inafaa na huwa nafuu, ila zile za zamani hazitambui Ryzen 5000 mpaka BIOS (programu ya ndani ya madabodi) isasishwe. Tafuta stika ya "Ryzen 5000 Ready" kwenye boksi, au mwambie muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa hiyohiyo unayonunua. Epuka A320 na A520 kama lengo lako ni kufika kwenye prosesa ya viini vinane. Zinaweza kuipokea, lakini nyingi zina saketi dhaifu za kulisha umeme wa prosesa na hazina hata bamba la kupooza saketi hizo.

Upande wa Intel, Core i3-12100F kwenye LGA1700 ni prosesa nzuri kwa bei yake, na soketi hiyo inapokea hadi kizazi cha 14. Herufi F lakini inamaanisha haina grafiki za ndani: bila kadi hupati picha kabisa. Ukiichagua, hakikisha madabodi ni B660 au B760 na uangalie kama ni ya DDR4 au DDR5, maana zipo za aina zote mbili na ram haziingiliani. AM5 ndiyo soketi mpya ya AMD na bado ina miaka mbele yake, ila inataka DDR5 tu. Ram zimepanda bei duniani kote tangu mwishoni mwa 2025, hivyo kwa bajeti finyu hiyo ni mzigo.

Desktop ya ofisi: njia ya mkato yenye mtego

Arusha ni mji wa ofisi, kuanzia Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi kampuni za utalii, na desktop zilizotumika ofisini hazikosi madukani. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zenye Core i5 ya kizazi cha 8 huja na ram, diski na mara nyingine Windows yenye leseni, kwa bei ambayo ukinunua vipande kimoja kimoja hufiki.

Mtego uko kwenye umbo. Dell na HP nyingi za namna hiyo hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi, kwa hiyo pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta, na madabodi yenyewe haihamii kwenye kasha lingine kirahisi. Pawasaplai iliyomo haina waya wa kadi ya grafiki. Unabaki na kadi zinazonyonya umeme wote kwenye sloti, ambayo kikomo chake ni wati 75: GTX 1050 Ti, au GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada. Na lile kasha jembamba (SFF) linataka kadi fupi za nusu kimo, ambazo ni adimu.

Ukiamua kwenda njia hii, chukua lenye kasha la mnara, si jembamba wala lile dogo la kukaa nyuma ya skrini. Usishuke chini ya kizazi cha 8 cha Intel. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi hicho. Kwa AMD ni Ryzen 2000. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama vya kompyuta), kwa hiyo hili si suala la urembo. Kisha ihesabu kama duka la vipuri: ram ya DDR4 ya ukubwa wa kawaida, SSD na kadi vitahamia kwenye kompyuta yako ya pili. Kasha, madabodi na pawasaplai vitabaki.

Mgawanyo wa pesa

Bei hupanda na kushuka na dola, basi panga kwa mafungu. Katika kila shilingi 100 za kompyuta kamili: kadi ya grafiki 37, prosesa 15, madabodi 14, ram 11, SSD 9, pawasaplai 9, kasha na feni 5. Skrini, kibodi na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) havimo. Ukianza na 5600G unahitaji hizo 63 tu, na zile 37 unaziweka kando. Usiziguse kuongeza taa za rangi.

Ram: GB 16 kwa vijiti viwili vya 8, DDR4-3200. Kijiti kimoja cha 16 kinaonekana ni akiba, lakini grafiki za ndani za 5600G zinakula kwenye ram hiyohiyo, na kijiti kimoja kinafungua njia moja tu kati ya mbili. Gemu itakata kata bila sababu unayoiona. SSD: NVMe ya GB 500 au TB 1. Gemu kubwa za sasa zinafika GB 100 kila moja, kwa hiyo GB 256 ni ya kujuta. Angalia kuwa kweli ni NVMe, maana zipo M.2 za SATA (aina ya zamani) zenye sura inayofanana na kasi ya chini mara kadhaa.

Kasha: uso wa mbele uwe wa wavu, si kioo wala plastiki iliyozibwa, nafasi ya kadi isipungue milimita 300, na feni tatu, mbili za kuvuta mbele na moja ya kutoa nyuma.

Pawasaplai, bila mzaha

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni hazina maana yoyote. Geuza, soma jedwali dogo, tafuta mstari wa +12V. Prosesa na kadi ya grafiki hula kwenye mstari huo karibu umeme wao wote. Zidisha ampea kwa 12. Pawasaplai inayojiita ya wati 500 lakini +12V ina ampea 18 inakupa wati 216 halisi. Ya 550 iliyo ya kweli itakuwa na ampea 40 hivi au zaidi, yaani wati 480 na kuendelea, na mara nyingi itakuwa na alama ya 80 Plus (ya ufanisi wa umeme). Alama hiyo peke yake si ushahidi, kwani stika huchapishwa popote.

Ipime kwa mkono. Nyepesi kama boksi tupu ina maana ndani hakuna koili wala kapasita za kutosha. Kisha angalia nyuma kama kuna swichi nyekundu ya 115/230. Pawasaplai nzuri za siku hizi nyingi hazina, zinajirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240. Ikiwa ipo, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa 115 kwenye umeme wetu italipuka papo hapo kwa kishindo.

Nunua mpya, wati 550, yenye waya wa prosesa wa pini 8 (4+4) na walau plagi mbili za kadi za pini 6+2. Hiyo itabeba RX 6600 (wati 132) au RTX 3060 (wati 170) pamoja na prosesa ya viini vinane bila jasho. Kitu pekee ambacho hatushauri kukinunua mtumba ni hiki.

Kununua: wapi, na unapimaje

Maduka ya kompyuta ya katikati ya mji Arusha, kuanzia Mnara wa Saa na kushuka Barabara ya Sokoine, yamezoea zaidi laptop na desktop za ofisi. Moshi hali ni hiyohiyo, kwa ufinyu zaidi. Vipuri vya gemu mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa basi. Muuzaji atume picha ya namba ya bidhaa na video ikiwaka, na kadi ya grafiki isafirishwe kwenye boksi lake peke yake, kamwe isiwe imechomekwa ndani ya kasha: mtikisiko wa zaidi ya kilomita 600 unaweza kuvunja sloti. Nairobi kupitia Namanga kuna chaguo kubwa zaidi, ila piga hesabu ya ushuru mpakani na ukumbuke kuwa kifaa kikifa, dhamana iko ng'ambo ya mpaka.

Kadi ya mtumba ndiyo inayohitaji jicho kali. Beba flashi yenye GPU-Z na FurMark (programu ya kuitwisha kadi mzigo mzito), zote hazihitaji gharama. GPU-Z inakuambia chipu halisi iliyomo. Kadi za kughushi, hasa zinazojiita GTX 1050 Ti, huwa ni chipu ya miaka mingi nyuma iliyowekewa BIOS ya uongo, na programu huonyesha alama ya mshangao na neno FAKE. Dalili nyingine unaiona kabla hata ya kuwasha: mfululizo wa GTX 10 wa Nvidia uliacha VGA, kwa hiyo "1050 Ti" yenye tundu la bluu la VGA itilie shaka kubwa. RX 580 nayo ina pacha dhaifu, 2048SP. Ya kweli ina vitengo 2304 vya kuchakata. Namba hiyo iko kwenye GPU-Z pale palipoandikwa Shaders.

Ukishathibitisha chipu, endesha FurMark dakika 15. Tazama nukta za rangi, mistari, skrini kuzima. Joto likipita nyuzi 85 na feni zinapiga kelele kama mashine ya kusaga, pesti ya kupitisha joto imekauka, jambo linalotibika, na ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke. Nukta za rangi hazitibiki, rudisha. Jaribu kila tundu la HDMI na DisplayPort. Muuzaji asiyeruhusu hata dakika 15 amekupa jibu.

Kadi ipi? Kama prosesa yako ni 5600G, kaa mbali na RX 6400 na RX 6500 XT. Zinatumia njia nne tu za PCIe, na juu ya PCIe 3.0 zinabanwa vibaya, hasa kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa. RX 6600 inatumia njia nane na hupoteza kidogo sana. Ina GB 8, inahitaji plagi moja ya pini 8, na kwa 1080p ndiyo tunayoilenga. Ikikushinda, GTX 1660 Super ya GB 6 au RX 580 ya GB 8 zitakusogeza, ingawa RX 580 inakula wati 185 kwa kazi ndogo kuliko RX 6600.

Umeme, vumbi na joto

Kabla ya kuunganisha chochote, mwite fundi apime waya wa arthi kwenye soketi yako. Nyumba nyingi za kupanga zina tundu la tatu ambalo ndani halina kitu. Dalili ni ule mwasho unaousikia ukigusa bati la kasha bila viatu. Si mzuka. Bila arthi, kichujio cha pawasaplai kinaacha bati likielea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo. Mkondo huo haukuui, lakini unaweza kuunguza tundu la HDMI ukichomeka waya wa TV vitu vyote vikiwa vimewashwa. Mpaka arthi irekebishwe, chomeka HDMI kwanza, umeme mwisho.

Umeme ukikatika ghafla, SSD inaweza kupoteza data. Ukirudi kwa kishindo, pawasaplai ndiyo inayopokea kofi. UPS ya 650VA hutoa kama wati 360 hadi 390. Kompyuta ya 5600 na RX 6600 katikati ya gemu inavuta karibu 250, hivyo una dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza mechi. Usichomeke skrini ya pili, redio wala pasi humo. Kwa hesabu ya LUKU, wati 250 kwa saa nne ni uniti moja kamili.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi ukilinganisha na Dar, kwa hiyo feni inabeba joto kidogo pungufu. Baridi ya Juni hadi Agosti inafidia. Moshi iko chini zaidi, na Januari hadi Machi chumba cha bati huko ni tanuri; weka feni tatu tangu mwanzo. Vumbi la kiangazi halichagui mji. Usiweke kasha sakafuni. Kama wavu wa mbele hauna kichujio, kipande cha soksi ndefu nyembamba ya kike kilichonyooshwa kinafanya kazi hiyo, ukifue kila mwezi. Kusafisha ndani tumia blowa ndogo na ushike mapanga ya feni yasizunguke. Ile kompresa ya gereji ya matairi hutema maji pamoja na upepo, iache kwenye matairi.

Kuunganisha

Unahitaji bisibisi ya nyota ya kati yenye sumaku, meza ya mbao na mwanga. Usifanyie kwenye zulia. Gusa bati tupu kila baada ya dakika chache kuondoa umeme tuli mwilini. Kazi yote hapa chini, isipokuwa pale tunaposema, inafanyika umeme ukiwa umechomolewa ukutani.

1. Weka madabodi juu ya boksi lake. Inua mkono wa soketi hadi wima. Linganisha pembetatu ya dhahabu ya prosesa na ile ya soketi, kisha iachie itumbukie kwa uzito wake. Usisukume hata kidogo. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa, 1,331, na ukiikandamiza zimepinda. Ikikataa, itoe uiangalie upande upande. Pini iliyolala kidogo inanyanyuliwa kwa ncha tupu ya kalamu ya risasi za kubadilisha. Shusha mkono.

2. Ram zikae sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza pande zote mbili hadi usikie mlio. Ram isiyokaa sawa ndiyo chanzo namba moja cha "haiwaki".

3. SSD ya M.2 iingie kwa mshazari, ilale, ifungwe kwa skrubu yake ndogo. Skrubu hiyo imo kwenye mfuko mdogo ndani ya boksi la madabodi, na watu huitupa pamoja na karatasi.

4. Kipooza cha Wraith Stealth kinachokuja na 5600G tayari kina pesti, usiongeze. Kwanza fungua vile vishikizo viwili vya plastiki kwenye madabodi, ukishika bamba la nyuma lisidondoke. Kisha kaza skrubu nne kwa mshazari, mizunguko michache kila moja. Waya wa feni uende palipoandikwa CPU_FAN.

5. Sasa jaribu kabla ya kuingiza kwenye kasha. Unganisha pini 24 na zile 8 za prosesa, HDMI kwenye madabodi, chomeka umeme, gusanisha kwa bisibisi pini mbili za PWR_SW. Mara ya kwanza inaweza kukaa dakika nzima bila picha wakati inazoea ram, subiri. Ukiona BIOS, nusu ya kazi imekwisha na una uhakika kuwa tatizo lolote litakalofuata limetokana na kasha au waya.

6. Zima, chomoa. Ingiza bamba la matundu ya nyuma kwenye kasha (ndilo linalosahaulika). Hesabu nguzo ndogo za shaba: ziwe pale tu penye tundu la madabodi. Nguzo ya ziada ikigusa mgongo wa madabodi inapiga shoti. Funga bila kukaza kupita kiasi.

7. Pawasaplai ikae feni ikitazama chini kama kasha lina matundu chini. Pitisha waya wa prosesa kwa nyuma.

8. Waya za mbele: PWR SW na RESET SW hazina upande, taa zina + na −. Ramani iko kwenye kitabu cha madabodi. Plagi ya USB 3.0 ya pini 19 ichomekwe wima kabisa, pini zake hupinda kirahisi.

9. Kadi ya grafiki, ukiwa nayo, iingie sloti ndefu ya juu. Plagi yake ni ile iliyoandikwa PCIe au VGA. Ile ya prosesa ya 4+4 inafanana, lakini mpangilio wa volti umegeuzwa, na kuilazimisha kunaunguza. Baada ya hapo HDMI ihamie kwenye kadi. Tumeona watu wakilalamika kadi mpya haina nguvu kumbe skrini bado imechomekwa kwenye madabodi.

BIOS, Windows na bando

Ndani ya BIOS washa XMP, mpangilio wa kasi kamili ya ram (kwenye ASUS za AMD inaitwa DOCP). Usipoiwasha, ram nyingi za 3200 zitatembea 2133, 2400 au 2666, na 5600G itapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake za gemu. Kama huna kadi, ongeza UMA Frame Buffer (ram inayotengewa grafiki za ndani) hadi GB 2. Hakikisha fTPM (TPM ya AMD) na Secure Boot zimewashwa.

Flashi ya GB 8 inatosha Windows 11. Kwenye kompyuta nyingine pakua pia draiva ya mtandao ya madabodi yako, kwani Windows mpya mara nyingi haiitambui na utajikuta huna intaneti ya kutafutia intaneti. Draiva ya grafiki ichukue kwa AMD au Nvidia wenyewe.

Kupakua gemu ya GB 100 kwa bando la simu ni kujitia umaskini. Mwenye gemu hiyo kwenye Steam akupe folda yake iliyo ndani ya steamapps/common kwa diski ya nje. Iweke kwako mahali hapohapo, bonyeza kusakinisha, na Steam itakagua yaliyopo kisha ipakue yaliyopungua tu. Akaunti yako lazima iwe inaimiliki gemu hiyo, au gemu yenyewe iwe ya bure.

Kupima na kutibu

Weka HWiNFO (inayosoma joto na mzigo), cheza au endesha OCCT (inayoitwisha kompyuta mzigo) nusu saa. Joto la 5600G likomee chini ya nyuzi 85, ingawa kikomo chake ni 95. Usiku acha MemTest86, programu ya kupima ram, imalize mzunguko. Kosa hata moja linamaanisha ram irudishwe dukani.

Feni zinazunguka, picha hakuna: tazama taa ndogo za CPU, DRAM, VGA na BOOT kwenye madabodi, kama zipo. Ikiganda DRAM, toa vijiti vyote, rudisha kimoja sloti ya pili. Bado? Chomoa umeme, toa betri ya CR2032 dakika tano. Kuwaka na kuzima kila sekunde chache mara nyingi ni waya wa pini 8 wa prosesa uliosahaulika, au shoti ya nguzo. Kuzima ghafla gemu inapoanza, huku menyu ya Windows ikiwa sawa kabisa, ni pawasaplai kuzidiwa, na hapo hakuna mpangilio wa programu utakaokuokoa. Gemu inaanza vizuri kisha inakata baada ya dakika kumi: joto. Gusa upepo wa nyuma. Kama ni wa baridi ilhali prosesa inasoma 95, kipooza hakijakaa.

Mpangilio wa kuongeza

Kadi kwanza, RX 6600 au inayofanana nayo. Kisha ram hadi GB 32 ukiona gemu inajaza 16, kwa kuongeza vijiti viwili vya aina ileile katika zile sloti mbili zilizobaki. SSD ya pili inaingia M.2 ya pili. Soma kitabu, madabodi nyingine huzima matundu mawili ya SATA ikitumika. Prosesa ije mwisho, HWiNFO ikionyesha matumizi ya kadi hayafiki asilimia 80 katika gemu unazocheza: Ryzen 7 5700X kwa unafuu, au 5700X3D ukiikuta, yenye L3 ya MB 96 inayofaa gemu kuliko zote za bei yake. Sasisha BIOS kabla ya kubadilisha, prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, na kompyuta iwe kwenye UPS.

Na siku ya kutoa 5600G, cheza gemu dakika kumi kwanza pesti ipate moto na kulainika. Zima, chomoa umeme, fungua skrubu, zungusha kipooza kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja kikiwa cha baridi, prosesa itang'oka nacho soketi ikiwa bado imefungwa, na pini zilizopinda zitakukosesha mnunuzi wa ile 5600G uliyotegemea kulipia sehemu ya prosesa mpya.